Mashimo sita yaliyohama: kisa cha chaki ya taya tatu juu ya meza ya kuzunguka

Kapilingi ya mashine ya kusaga mahindi, yaani kiungo cha nusu mbili kinachounganisha shafti ya mota na ya kinu, si kazi ngumu kuichora. Flanji (sahani ya duara ya kiungo) ya kipenyo cha milimita 140, shingo ya 60, na mashimo sita ya 10.5 kwenye duara la 100 kwa ajili ya bolti za M10 (unene wa milimita 10). Karakana iliyopewa kazi hii haikukosa kifaa: mashine ya milingi ya spindo wima (spindo ni mhimili unaozungusha kisu), meza ya kuzunguka ya milimita 200, na chaki mpya ya taya tatu (kibanio cha vipande vya duara) ya milimita 125. Nusu zote mbili zilikerezwa kwenye lethi, tundu la shafti, shingo na ukingo wa nje vikakatwa bila kufungua kazi (kipande kinachotengenezwa), kisha zikapelekwa kwenye milingi kutobolewa.

Siku ya kufunga, bolti zote sita ziliingia kwa mkono. Mota ilipowashwa mashine ikatetemeka, na beringi ya upande wa nyundo ikaanza kupata joto mapema. Mafundi walianza kulaumu nyundo za kinu, kisha msingi wa zege, kisha shafti. Kapilingi ilipimwa mwisho, kwa sababu bolti zilikuwa zimeingia vizuri. Hapo ndipo penye mtego: bolti ya M10 ndani ya shimo la 10.5 ina nusu milimita ya kucheza, na nafasi hiyo inatosha kuficha kosa kubwa.

Kipimo kilichofichua mambo ni cha venia ya kawaida (rula ya kupimia yenye taya). Kutoka ukingo wa flanji hadi ukingo wa shimo panatakiwa pawe 14.75: nusu ya 140 ni 70, toa 50 ya duara la mashimo, toa 5.25 ya nusu ya shimo. Shimo moja lilisoma 14.97 na lile la kulitazama 14.53. Kati ya shimo na shimo lililo jirani, ukingo wa ndani kwa ukingo wa ndani, kote palikuwa 39.5 kama inavyotakiwa. (Kwenye duara la mashimo sita, umbali kati ya senta za mashimo jirani ni sawa na nusu ya kipenyo cha duara, yaani 50 hapa. Toa 10.5 unabaki na 39.5. Hakuna ukaguzi wa haraka zaidi ya huu.)

Vipimo hivyo viwili vikisomwa pamoja vinamtaja mkosaji. Mashimo yameachana sawasawa, kwa hiyo hesabu ya mizunguko ya mkono wa meza ilikuwa sahihi na womu yake (skrubu ya ndani inayoizungusha) haina ubaya. Duara lenyewe lina ukubwa unaotakiwa. Lakini limehama lote kwa pamoja kutoka senta ya flanji, kwa nusu ya tofauti ya 14.97 na 14.53, yaani 0.22. Nusu mbili zenye kosa hilo zikikutana vibaya, shafti ya mota na shafti ya kinu zinapishana hadi 0.44.

Senta mbili, na ipi hasa iliyokosewa

Meza ya kuzunguka ikiwa juu ya milingi ina senta mbili za kuhangaikia, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni spindo ya mashine kukaa juu ya mhimili wa meza. Ya pili ni chaki, na kazi iliyo ndani yake, kukaa juu ya mhimili huohuo wa meza.

Ya kwanza ikikosewa, tazama kinachotokea. Fundi anaanzia sifuri yake, anasogeza X (meza ya mashine, kulia au kushoto) kwa 50.00 na kutoboa. Kama sifuri ilikosewa kwa 0.2 upande wa X, kila shimo litakaa 50.2 au 49.8 kutoka mhimili, na duara litakuwa 100.4 au 99.6. Kama ilikosewa kwa 0.2 upande wa Y (mbele au nyuma), nusu ya kipenyo itaongezeka kwa chini ya elfu moja ya milimita, jambo ambalo hakuna venia itakayoliona. Kwa vyovyote, duara la mashimo linabaki limezunguka mhimili wa meza. Haliwezi kuhama kutoka senta ya kazi kwa sababu ya spindo.

Ya pili ndiyo inayohamisha. Kazi ikikaa 0.22 pembeni ya mhimili, mashimo yatazunguka mhimili na siyo kazi. Kwa mashimo, duara linahama. Kwa kichwa cha pembe sita kilichokatwa kwenye mviringo, upana kati ya bapa na bapa unatoka sawa kabisa, lakini pembe sita nzima inakaa kombo juu ya shafti yake. Kwa meno ya gia, upande mmoja unakatwa kina kirefu na wa pili kifupi, na gia italia. Kwa hiyo kapilingi yetu ilikuwa inasema jambo moja tu: spindo iache, itazame chaki.

Bamba lilivyotengenezwa mara ya kwanza

Meza hii ina mifereji minne ya T yenye upana wa 12, ikipishana kwa nyuzi 90. Chaki ya 125 ya aina ya kawaida, ile ya Kichina iliyojaa madukani ikiandikwa K11-125, ina matundu matatu ya M8 mgongoni, kwenye duara la 108, na kishimo cha duara cha 95 kwa ajili ya kuisenta. Tatu na nne hazikutani. Hata meza ingekuwa na mifereji mitatu au sita, bolti za chaki hii huingilia mgongoni, na chini ya chaki iliyolala juu ya meza hakuna mkono unaoweza kufika. Ziko chaki zinazofungwa kwa bolti ndefu kutoka mbele. Hizo ni habari nyingine.

Njia za mkato zilijadiliwa. Klempu juu ya mwili wa chaki: mwili ni laini, hauna ukingo wa kukamatia, na klempu ikikaa juu inazuia taya. Kutoboa mwili wa chaki uwe na njia za bolti kutoka mbele: inawezekana kwenye baadhi ya chaki, lakini ndani kuna sahani yenye mfereji wa mzunguko inayosukuma taya, na biti ikiigusa chaki imekwisha. Kichwa cha tepa ya Morse namba 3 (mche unaopungua unene kidogo kidogo) chenye uzi wa kushika chaki, kikiingizwa kwenye tundu la katikati ya meza na kuvutwa kwa bolti kutoka chini: kinafaa kwa chaki ndogo ya 80 au 100 na kazi nyepesi, ila kinachozuia chaki isizunguke ni msuguano wa tepa tu, na lazima meza inyanyuliwe kila unapotaka kukaza ile bolti.

Likabaki bamba la kati, linalokaa kati ya chaki na meza, nalo ndilo jibu sahihi. Kuhusu ukubwa wa chaki pia walichagua vizuri. Kishawishi huwa ni kuweka chaki ya 160 juu ya meza ya 200. Hesabu yake: inabaki pete ya milimita 20 tu kuzunguka chaki, na kichwa cha bolti ya M10 peke yake ni 16. Kwa chaki ya 125 pete ni 37.5, bolti inakaa kwa raha na ufunguo wa aleni unaingia wima. Kuongeza kipenyo cha bamba kupita meza si dawa, maana namba za nyuzi zimechorwa kwenye ukingo wa meza na bamba pana linazifunika.

Bamba lilikuwa chuma laini, kipenyo 196, unene 20, na juu yake nundu ya kimo cha 3 ya kuingia kwenye kishimo cha chaki. Bolti tatu za M8 zilipita kutoka chini ya bamba, vichwa vimezama kwenye vikombe vya kina cha 9. Bolti nne za M10 zilishuka kutoka juu hadi kwenye nati za T, zile zinazoteleza ndani ya mifereji ya meza. Katikati, chini ya bamba, kiligandishwa kipande cha tepa ya Morse namba 3 ili bamba lijisente lenyewe kwenye meza.

Kosa lilikuwa kwenye nundu. Kishimo cha chaki kilipimwa 95.00, nundu ikakerezwa 94.55, kwa makusudi, "ili pabaki nafasi ya kurekebisha." Wazo la kuacha nafasi si baya, chaki ya taya tatu yoyote ina upungufu wake, na kuna mafundi wazuri wanaoacha hivyo. Lakini nafasi ikiachwa mahali ambapo bolti zake haziguswi chaki ikiwa imeshakaa juu ya meza, hiyo si nafasi ya kurekebisha, ni ulegevu tu. Bolti za M8 ziko chini ya bamba. Kuzilegeza ni kung'oa bamba zima, na ukiling'oa huwezi tena kuona mshale wa geji (saa ya kupimia msogeo mdogo) unasema nini.

Na kwa nini chaki ilihama kwa 0.22 kamili, siyo 0.05 au 0.1? Kwa sababu bamba lilifungwa kwenye jiliwa likiwa limesimama kwa ukingo, ili bolti za chini zifikike. Chaki ya kilo kama 5 ikining'inia kwenye nundu iliyolegea inashuka hadi igote upande mmoja. Nafasi ilikuwa 0.45, nusu yake ni 0.22 na ushee. Bolti zikakazwa hapohapo, nayo tepa ya Morse ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikasenta bamba vizuri kabisa, na chaki ikabaki kombo juu yake.

Bolti hukaza, hazisenti. Hilo kila fundi lethi analijua kwa chaki ya lethi yake, lakini juu ya milingi husahaulika.

Kuhamisha nafasi ya kurekebisha

Marekebisho yalikuwa kugeuza mpangilio: chaki ibane kwenye bamba, bamba licheze juu ya meza. Bolti za M10 zinaonekana na kufikika muda wote, kwa hiyo hapo ndipo nafasi ya kurekebisha inapotakiwa kuwa.

Bamba halikutupwa. Chuma kilichopungua kwenye nundu hakirudi, lakini chini ya nundu kulikuwa na chuma kizima. Lilirudishwa kwenye lethi, nundu ya zamani ikasawazishwa yote, kisha sehemu ya juu ikashushwa kwa 3 kuanzia kipenyo cha 130 kwenda ndani hadi kwenye nundu mpya. Nundu mpya ilimalizwa 94.97, ikapimwa kwa maikromita na kujaribiwa na chaki yenyewe kabla ya kuondoa kazi kwenye lethi. Nafasi ya 0.02 hadi 0.03 kwenye kipenyo ndiyo inayofaa: chaki inaingia kwa kusukumwa na viganja, haihitaji nyundo.

Mambo mawili madogo hapa huharibu kazi nzuri. Pembeni ya nundu, pale inapokutana na sakafu ya bamba, kisu cha lethi huacha kona ya mviringo. Ukingo wa kishimo cha chaki ukipanda juu ya kona hiyo, chaki haikai. Kata mfereji mwembamba wa milimita 1 kwenye kona na tatizo linakwisha. Pili, nundu isiguse sakafu ya kishimo. Kishimo cha chaki ya 125 kina kina cha takribani 4. Pima cha kwako. Nundu ya 3 inaacha pengo, na chaki inakaa juu ya pete yake pana ya nje kati ya 95 na 125, pale bolti zinapovuta.

Unene chini ya bolti za M8 ulibaki 8 baada ya kushusha sakafu, kwa hiyo bolti za urefu wa 25 zingeingia 17 ndani ya chaki, nyingi mno kwa matundu yale. Ziliwekwa za 20, zikiingia 12. Bolti inayogota mwisho wa tundu huonekana imekaza kumbe chaki imelegea. Kiasi cha kukaza ni 20 hadi 25 Nm (nyutoni-mita), kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na chaki ikiwa imelalia uso wake juu ya benchi na bamba likiwa limelala juu yake. Siyo kusimamishwa kwa ukingo tena.

Kipande cha Morse kiling'olewa na katikati pakatobolewa 30, sawa na tundu la chaki, ili shafti ndefu na chenga za chuma zipate njia. Tundu la meza lenyewe lizibwe kwa kitambaa wakati wa kazi, maana tepa iliyokwaruzwa na chenga haisenti kitu tena.

Matundu ya M10 yalikuwa kwenye duara la 165, yamegeuzwa nyuzi 15 kutoka mstari wa bolti za chaki ili hata moja lisifichwe chini ya taya. Yalipanuliwa kutoka 10.5 hadi 11, na vikombe vya vichwa ni vya 18. Bamba likapata nusu milimita ya kusogea kila upande, zaidi ya mahitaji.

Urefu wa bolti za M10 unastahili dakika ya kupima. Nati ya T ya mfereji wa 12 ina kimo cha kama 14. Chini ya kichwa cha bolti kuna milimita 9 hadi 11 za bamba. Bolti ya 25 inafika mwisho wa nati bila kupita. Ya 35, ambayo ndiyo huwa imezagaa mezani, hupita nati na kugota sakafu ya mfereji. Ukiendelea kukaza, unaisukuma nati juu dhidi ya midomo ya mfereji bila bamba kushikwa, na midomo ya chuma cha kasti haipindi, inavunjika. Meza nyingi zenye kidonda kwenye mfereji zilikipata hivyo. Kwa meza ya 200, 35 Nm zinatosha.

Kwa asiye na lethi ya kubeba sahani ya 196, nundu inaweza kukatwa juu ya meza hiyohiyo. Bamba linafungwa kwa bolti zake nne, endimili (kisu cha milingi) ya 16 inawekwa kwa umbali unaotakiwa, na mkono wa meza unazungushwa taratibu hadi duara lifunge. Kwa meza ya uwiano wa 90 kwa 1 hiyo ni mizunguko 90 ya mkono kwa kila duara, ubavu unachoka, lakini nundu inayotoka haina ubishi na mhimili wa meza. Zungusha upande unaopingana na meno ya endimili; ukifuata upande wao, mchezo wa womu utaifanya meza iruke na kukata inapotaka.

Kusenta kwa dayo geji

Kabla bamba halijapanda, spindo inasentwa juu ya meza. Geji inashikwa na spindo, kidole chake kinagusa ndani ya tundu la Morse, spindo inazungushwa kwa mkono, X na Y vinasogezwa hadi mshale utulie. Hapo sifuri za X na Y zinawekwa. Bamba na chaki vikishapanda, tundu hilo liko mbali sana chini kufikiwa kwa urahisi.

Kisha nyuso. Uso wa meza na chini ya bamba vinafutwa, vinapitishiwa jiwe la mafuta kuondoa vijino, vinafutwa tena kwa kiganja kitupu, maana kiganja kinahisi chenga ambayo jicho haioni. Chenga ya 0.05 chini ya ukingo mmoja wa bamba la 196 inaiinamisha chaki kiasi kwamba, milimita 100 juu, mhimili umehama kwa 0.025 na mshale utacheza 0.05.

Bamba na chaki hupandishwa vikiwa kitu kimoja, jumla kama kilo 10. Bolti nne zinakazwa kidogo tu, kiasi cha kushika bila kubana. Geji sasa inasimamishwa kwenye mwili wa mashine, haizunguki. Kinachozunguka ni meza. Kama meza ina kishikio cha kuachisha womu, iachishe na uzungushe kwa mkono.

Geji iguse nini? Siyo ukingo wa nje wa chaki, ambao haukukerezwa kwa ajili hiyo. Wengi huweka kipande cha chuma kilichonyooka, kama shina la endimili mpya la 20. Si vibaya kwa kuanzia, ila chaki ya taya tatu haisenti sawa kwa kila kipenyo. Sahani ya ndani ina makosa yake, na chaki iliyosentwa kwa 20 inaweza kukosea 0.05 au zaidi ikishika 60. Kwa kundi la kapilingi zinazofanana, kinachoshikwa ni shingo ya 60 yenyewe, na geji inagusa ukingo wa flanji uliokatwa pamoja na tundu la shafti. Ufunguo wa chaki nao ukaze kwa tundu lilelile kila mara. Litie alama ya patasi.

Mzunguko mmoja wa kwanza: mshale ulicheza 0.36. Hiyo siyo kiasi cha kusogeza. Kazi iko nje ya senta kwa nusu yake, 0.18. Geuza hadi usomaji wa juu kabisa ukae mbele ya geji, gonga bamba kwa nyundo ya plastiki kutoka upande huo hadi mshale urudi nusu ya safari yake, zungusha tena. Baada ya magongo machache mshale ulicheza 0.04, bolti zikakazwa kwa kukatiza, ya kaskazini kisha ya kusini, ya mashariki kisha ya magharibi. Kukaza kwenyewe husogeza, kwa hiyo pima tena. Ukatulia kwenye 0.02.

Kipimo cha mwisho ni cha wima: uso wa juu wa flanji, geji ikigusa karibu na ukingo. Mshale ukicheza hapo wakati ubavu umetulia, kazi imeinama. Chenga chini ya bamba, au flanji haijalala juu ya taya. Iligongwa chini kwa nyundo ya plastiki kabla ya kumaliza kukaza taya, na ikatulia.

Kutoboa

Taya zikiwa kwenye 0, 120 na 240, mashimo yanapangwa kwenye 30, 90, 150 na kuendelea, ili biti itokee hewani kati ya taya. Kwenye duara la 100, nyuzi 30 ni milimita 25 za pembeni, nafasi ya kutosha. Hili huamuliwa kabla ya kukaza.

Meza ya 90 kwa 1 inakwenda nyuzi 4 kwa kila mzunguko wa mkono, kwa hiyo nyuzi 60 ni mizunguko 15 kamili. Mashimo matano ni mizunguko 18. Mashimo saba ndiyo yanayohitaji sahani ya kugawanyia: mizunguko 12 na sita ya saba, yaani matundu 18 kwenye duara la matundu 21. Meza ya 40 kwa 1 ina hesabu nyingine, mizunguko 6 na theluthi mbili kwa nyuzi 60, na fundi aliyezoea moja akikuta nyingine hujikuta ameharibu flanji. Soma kibao cha meza.

Zungusha upande mmoja tu tangu shimo la kwanza hadi la mwisho. Ukipitiliza, rudi nyuma zaidi ya mchezo wa womu, nusu mzunguko inatosha, kisha uje tena kwa upande uleule. Funga breki ya meza kabla ya kila shimo, zote mbili kama zipo mbili, na kwa nguvu sawa. Breki moja ikikazwa peke yake huvuta meza pembeni kidogo. Kwa mashimo womu ingevumilia bila breki. Kwa kukata bapa au njia ya kabali, hapana, nguvu yote ya endimili ingeishia kwenye meno machache ya shaba.

Senta drili (biti fupi ya kuanzishia shimo) inapita kwanza mashimo yote sita, alama ndogo tu. Kisha mizunguko 15 mingine kurudi kwenye la kwanza. Ncha ikitua ndani ya alama yake ileile bila kuvutwa, hesabu ni sahihi na hakuna kilichosogea. Ikitua pembeni, bado hujapoteza kitu isipokuwa alama. Baada ya hapo biti ya 10.5, kasi ya mizunguko kama 700 kwa dakika kwa chuma laini na biti ya HSS (chuma cha kasi kubwa), na mafuta ya kukatia.

Jambo moja lililokaribia kuwakwamisha: kimo. Meza ya kuzunguka 110, bamba 17, chaki na taya zake kama 85, na flanji inayokaa juu ya taya. Hapo umeshapita 212 kabla ya kuhesabu kichwa cha drili na biti, ambavyo kwa pamoja hula 150 kirahisi. Mashine ndogo ya benchi haina nafasi hiyo. Biti fupi iliyoshikwa na koleti (kibanio kifupi ndani ya spindo) badala ya kichwa cha drili inaokoa zaidi ya milimita 60.

Flanji mpya zilisoma kati ya 14.74 na 14.77 kwenye mashimo yote sita. Flanji za zamani hazikuweza kuokolewa kwa kupanuliwa, kwa kuwa 0.22 upande mmoja ingehitaji shimo la karibu 11 na bolti ndiyo ingebaki inacheza. Ila kwa mteja asiyeweza kusubiri ipo njia: fungeni nusu mbili uso kwa uso juu ya shafti moja iliyonyooka, zungusha moja hadi mashimo yatazamane bila kupishana hata kidogo, tia alama kwenye kingo zote mbili, na zifungwe kwa alama hiyo daima. Kosa la nusu ya kwanza na la nusu ya pili yakielekea upande mmoja, shafti zinarudi kwenye mstari.

Bamba na chaki sasa havitenganishwi. Vikishushwa kwenye meza hushuka pamoja, chini ya bamba hupakwa oili na kulazwa juu ya ubao. Vikipanda tena hupimwa upya kwa geji, kwani nafasi ya nusu milimita kwenye matundu ya M10 haikumbuki ilipokuwa jana.